Asali Niliyoificha Kwenye Uji wa Mama Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na nakusihi usome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana hukumu najua ninaistahili, ninachokosa ni njia, kwa kuwa kila upande ninaogeukia naona mtu ataumia kwa mkono wangu.

Nina miaka thelathini na sita, kazi yangu ni kupiga pasi katika duka la dobi, naingia saa nne asubuhi natoka jioni, na mume wangu ni fundi wa lifti ambaye hutoka nyumbani kabla ya saa kumi na mbili kwa sababu lifti za maofisini hukaguliwa kabla watu hawajaanza kuzipanda. Hatujajaliwa watoto. Tunaishi na mama yake mzazi, na tulikuwa tunaishi pia na wifi yangu, mdogo wao wa mwisho, binti wa miaka ishirini na nne, na kwa nini nasema tulikuwa utaelewa mbele.

Mama mkwe alikuwa mpishi mkuu wa bweni la shule miaka ishirini na sita, amelisha wanafunzi wasiohesabika, na alipostaafu akahamia kwetu na ulimi wake mzima. Katika miaka tisa ya ndoa yangu sijawahi kupika kitu kikamridhisha. Hanitukani, siwezi kumsingizia, ila anaonja, anaweka kijiko chini, anasema "Haya," na hilo "haya" lake usilione dogo, limenitoa machozi mara nyingi nikiwa nimegeukia sinki nikijifanya nasugua sufuria. Jina langu halitaji. Kwake mimi ni "mke wa mwanangu", hata nikiwa nimesimama mbele yake.

Mwaka jana akagunduliwa ana kisukari, tena kimekomaa, akaandikiwa sindano za kushusha sukari asubuhi na jioni, akakatazwa sukari na soda na mikate myeupe. Wifi yangu alikuwa ndio kwanza amemaliza mafunzo ya kuhudumia wagonjwa nyumbani, kwa hiyo yeye akashika sindano na kile kimashine cha kupima sukari na daftari la kuandikia vipimo, mimi nikashika jiko, hasa kifungua kinywa kwa kuwa asubuhi nipo. Muuguzi wa zahanati akanishauri uji wa oti usio na sukari, akanionya kabisa kwamba mama akishachomwa sindano lazima ale, asikae na tumbo tupu. Nikapika. Mama akautazama, akainua kijiko, uji ukaning'inia, akasema shuleni kwao kitu kama hicho walikuwa wanabandikia matangazo ukutani.

Hakuula. Kesho yake hakuula. Wifi akambembeleza kwa kipande cha yai, siku ikapita, lakini wote wawili tulikuwa na hofu, na mimi moyoni nikaapa kwamba nitaupika uji huo mpaka mama aukubali. Nikaanza kubuni. Nilianza na mdalasini na tufaa lililokunwa, akasema unanukia dawa ya meno. Nikaweka ganda la chungwa lililosagwa na iliki, akala vijiko vitatu. Nikajaribu kakao na ndizi mbivu kidogo tu, nikajaribu boga la kuchemsha na tangawizi, nikajaribu karanga nilizozikaanga mwenyewe na chumvi kwa mbali, nikazilaza oti kwenye maziwa ya mgando usiku kucha na mbegu za maboga juu, nikazioka kwenye bati la keki mpaka zikawa na ukoko wa dhahabu, ule wa boga wifi alikuwa anaramba hadi mwiko. Nisikufiche, mshauri, nilianza kuipenda kazi ile. Dukani nikipiga pasi mashati ya watu kichwa changu kiko kwenye sufuria, nawaza nikichanganya hiki na kile itakuwaje, wenzangu wakanipa jina Mama Oti. Ilikuwa mara ya kwanza tangu niolewe kuamka na hamu. Lakini mama, haya. Kila asubuhi, haya.

Siku moja nikapitia sokoni nikanunua asali. Nilijiambia asali si sukari, asali ni dawa, na nilijua najidanganya maana karatasi ya zahanati iliyobandikwa kwenye friji iliitaja asali kwa jina. Asubuhi nikatia kijiko kimoja kikubwa ndani ya uji wa mdalasini, nikakoroga, nikampelekea, nikasimama mlangoni. Akaonja. Akaonja tena. Akala bakuli zima, akakwangua chini, akaniangalia usoni akasema, "Mwanangu, leo umepika."

Mwanangu. Sijui kama wewe umewahi kungoja neno moja miaka tisa.

Kesho yake nikaweka tena. Baada ya wiki vikawa vijiko viwili, kisha vitatu na tende nilizoziponda zikayeyuka zisionekane, na mama akawa anaomba bakuli la pili, akawa ananiita nikae naye, ananisimulia ya bweni, jinsi alivyowahi kupika na homa wanafunzi wasilale na njaa, mume wangu akirudi anamwambia mkeo ana mkono, na mume wangu ananiangalia kama siku zile za uchumba. Vipimo navyo vikaanza kupanda. Wifi anaandika kwenye daftari, anakunja uso, anapima tena akidhani mashine imeharibika. Asubuhi moja akanifuata jikoni, akaniuliza kwa upole wake, "Wifi, kuna kitu unaongeza kwenye uji?" Nikamwambia, "Mdalasini tu." Akaniamini. Akalibeba daftari hadi zahanati, daktari akaona kisukari kimekaidi, akaongeza dozi ya sindano. Baada ya mwezi akaiongeza tena.

Hapo ndipo nikaogopa. Nikasema basi, naacha. Sikumwambia mtu, nikaacha tu ghafla, Jumatatu nikapika uji wa tufaa bila asali. Mama akala nusu, akalisukuma bakuli kando. Jumanne akala vijiko vichache. Jumatano wifi akamchoma sindano yake kama kawaida, ile dozi kubwa, akaingia bafuni kufua, mimi nikamwekea mama uji mezani nikaenda kazini. Hakuugusa. Wifi alipotoka bafuni akamkuta sakafuni jikoni, jasho linamtiririka, anatetemeka, hajitambui. Yule binti hakupiga kelele, alimlaza ubavu, akampaka sukari ndani ya shavu kidogo kidogo kama alivyofundishwa, akaita gari, akamfikisha hospitali akiwa hai. Daktari alisema dakika chache zaidi tungekuwa tunaongea habari nyingine.

Halafu daktari akauliza, kama ilivyo kawaida yao, kama inawezekana mgonjwa alichomwa sindano mara mbili. Mume wangu aligeuka akamtazama dada yake. Mshauri, nilikuwa nimesimama pale, mkoba wa kazini bado uko begani. Wifi akasema hapana kaka, mara moja tu, akaonyesha daftari, mikono inamtetemeka, na kadiri alivyotetemeka ndivyo alivyoonekana mwenye hatia. Jioni ile sebuleni mbele ya baba mdogo wa mume wangu na mkewe, mume wangu akamwambia dada yake kwamba mtu asiyeweza kuhesabu sindano moja asiguse mgonjwa wa mtu yeyote. Wifi alikuwa amepata kazi kwenye makao ya wazee, alikuwa aanze mwezi unaofuata, na kaka yake ndiye aliyekuwa mdhamini wake, akampigia simu msimamizi wa makao palepale akaondoa jina lake. Kazi ikafa. Wifi hakulia mbele yetu. Aliingia chumbani, akafungasha begi moja, akahamia kwa rafiki yake mshona mapazia. Akipita mlangoni alinishika mkono akaniambia nisisahau kumkagua mama miguu kila jioni.

Na mimi nikamjibu sawa. Hilo tu. Sawa.

Nilikusudia kusema mama akirudi. Alirudi Ijumaa, nikaingia chumbani kwake peke yangu, nikapiga magoti kando ya kitanda nikaanza, mama, ule uji. Hakuniacha nimalize. Akasema, "Asali niliijua tangu siku ya kwanza. Nimepika miaka ishirini na sita." Nikamuuliza kwa nini basi alinyamaza aliposikia mwanawe ametuhumiwa. Akavuta shuka, akasema yule bado kijana atapata kwingine, mimi nikifukuzwa nani atampikia, na kwamba katika vyote alivyonyimwa na ugonjwa kile kibakuli cha asubuhi ndicho pekee kilichomfanya atake kuamka. Kisha akaniambia, "Kesho weka ile yako. Ukisema kwa mwanangu, sili tena kwa mkono wako wala wa mwingine."

Kesho yake niliweka. Kwa sababu dozi bado ni ileile kubwa, hawakuipunguza maana wanaamini kosa lilikuwa la wifi, na sasa mume wangu ndiye anayemchoma kabla hajaondoka. Nikiacha asali ataanguka tena na safari hii, nikishakwenda kazini, hayupo wa kumwokota. Nikiendelea namwua taratibu, juzi nimeona kidonda kwenye kidole chake cha mguu hakikauki. Nikisema, naachika, na mama anagoma kula. Nisiposema, wifi yangu anaishi na jina la mtu aliyetaka kumwua mama yake. Nakonda. Dukani nimeunguza shati la mteja, pasi mkononi, sioni. Nifanye nini?

Mimi, Mpiga Pasi

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu, barua yako ilinifikia Jumanne na sikungoja siku ya gazeti. Nilikupigia kwa namba uliyoandika nyuma ya bahasha, na kwa ruhusa yako nawaeleza wasomaji tuliyoongea, kwa sababu najua kuna majiko mengine yenye siri kama yako.

Nilianza na la uhai, na ninalirudia hapa kwa herufi nzito. Mgonjwa anayechomwa sindano ya kushusha sukari hapunguziwi wala haongezewi chakula kwa siri. Daktari alipandisha dozi kupigana na asali ambayo hakuambiwa. Wewe ukaiondoa asali, dozi ikabaki haina cha kupigana nacho ila mama mwenyewe. Nilikuambia usiache asali kesho na usiendelee nayo wiki ijayo, umpeleke mama zahanati leo, na lile bakuli na kile kijiko unachopimia uvibebe, umwonyeshe daktari, useme vijiko vingapi na tende ngapi na tangu lini. Uliniambia unaona aibu. Nikakujibu aibu haijawahi kumpeleka mtu hospitali akiwa hajitambui, na samahani kama nilikuwa mkali.

Ulikwenda, uliniambia uliponipigia mara ya pili. Hilo nakupa, na nakupa kwa moyo wote. Dozi imepangwa upya, kile kidole kimesafishwa na kufungwa, na daktari anasema pengine kitapona na pengine hakitapona, itabidi kungoja. Na ulimpigia mume wako simu ukiwa bado kwenye benchi la zahanati, usije ukaingia nyumbani moyo ukageuka. Umeniambia alikuja na ovaroli lake la kazi, akakusikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu, kama dada yake alikuwa anajua. Ukamwambia hapana, alikuuliza na ulimdanganya. Akaokota mfuko wake wa zana akarudi kazini. Tangu siku hiyo anaongea nawe habari za dawa na miadi ya mama, na mengine hakuna. Unaniuliza kama atakuacha. Sijui. Nisikupe faraja ya uongo, umeshakula tamu ya uongo ya kutosha. Usimsukume, usimlilie, usimtumie watu. Mtu aliyemtoa ndugu yake wa damu nyumbani kwa kosa lisilo lake ana mzigo wake mwenyewe wa kubeba, na sehemu ya mzigo huo hukumtwisha wewe. Hakumuuliza dada yake mara mbili.

Sasa mama mkwe. Hapa nitakuonea huruma kidogo kisha nitakukaripia. Miaka tisa ya "haya" inachosha, na mwanamke anayeamka kabla ya jua kukuna tufaa na kukaanga karanga ili mgonjwa ale si mwanamke mbaya. Ila ulipoitwa mwanangu, ulijua ni asali inayoitwa. Ungeweza kurudi nyuma siku ile ya kwanza, au ya wifi kukuuliza jikoni. Hukurudi, kwa sababu na wewe ulikuwa unalishwa. Mama naye nisimpambe kwa kuwa ni mzee. Alisikia mwanawe wa kike amevuliwa nguo hadharani akachagua bakuli. Ugonjwa umemnyang'anya mengi na ninamsikitikia, lakini alichofanya ni kibaya, na ni haki yako kukiita kibaya bila kuacha kumhudumia.

Umeniambia kwamba sasa amegeukia ukuta, anakula nusu bakuli akisimamiwa na mwanawe, na kwako hata lile "haya" halitoki. Mpikie hivyo hivyo. Mpikie ule wa boga, mpikie wa ganda la chungwa, kipimo kile alichokuandikia daktari na si punje zaidi, umwekee mezani, ukae kwenye kiti mpaka ale, na usitazame uso wake kutafuta chochote. Si kazi ya uso wake kukwambia wewe ni nani. Na sindano isichomwe kabla bakuli halijawa tayari mbele yake. Akigoma kabisa, usibembeleze, piga simu zahanati.

La mwisho ndilo unalolikwepa, nimeliona, maana katika simu zote mbili ulilizungumza kwa haraka kama mtu anayepita karibu na mbwa. Wifi yako bado yuko kwa mshona mapazia. Unasema mume wako ameshamtumia ujumbe kwamba mambo yamejulikana, na yeye amejibu kwa neno moja, "Asante," na hakurudi. Ulitarajia arudi? Ujumbe wa simu haurudishi kitu kilichochukuliwa sebuleni mbele ya watu.

Kwa hiyo fanya hivi, na ufanye wiki hii. Andika barua kwa mkono wako kwenda kwa msimamizi wa makao ya wazee. Eleza kilichotokea bila kujipamba: kwamba vipimo vya daftari vilikuwa sahihi, sindano ilikuwa moja, mama aliokolewa na yule binti, na aliyeharibu ni wewe. Mume wako asaini chini, hilo atakubali hata kama hajakubali mengine. Ipeleke kwa miguu yako. Kazi yenyewe huenda imeshapewa mtu mwingine, na kama ndivyo utabeba hilo pia, lakini jina lake liwe safi hapo na popote atakapoomba.

Kisha mwite baba mdogo na mkewe, wale wale, sebuleni pale pale. Mwombe wifi aje, na akikataa kuja usimlaumu, sema hata kama kiti chake ni kitupu. Usianze na historia ya miaka tisa. Usitaje upweke wako wala neno la mama. Hayo niletee mimi, nitayasikiliza. Mle ndani sema tu kwamba asali uliweka wewe, kwamba wifi alikuuliza na ulimdanganya, na kwamba uliposhikwa mkono mlangoni ulikuwa unajua. Halafu nyamaza. Kimya kitakuwa kirefu na utatamani kukijaza. Usikijaze.